Kupima Maradhi ya Ubongo wa Watoto kwa Nguvu ya Sumaku

Mtoto anayeletwa hospitali akiwa na homa kali na hana fahamu ni fumbo gumu kwa mganga yeyote. Macho yake yamepinduka, viungo vimekakamaa au vimelegea kabisa, naye haitikii aitwapo jina wala halii afinywapo. Mama aliyembeba hueleza kwamba jana mtoto alikuwa akicheza, usiku akashikwa na homa, alfajiri akapatwa na degedege, na tangu hapo hakuamka. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini hayatoshi kumwongoza mganga, kwa sababu maradhi mengi yasiyofanana huonyesha dalili hizo hizo. Huenda ikawa ni malaria iliyopanda kichwani. Huenda ikawa ni homa ya uti wa mgongo iletwayo na bakteria, au kifua kikuu kilichofika katika tando zinazofunika ubongo, au virusi vilivyoushambulia ubongo wenyewe, au jipu lililojificha ndani ya fuvu. Kila moja lina tiba yake, na saa za kuichagua tiba hiyo ni chache.

Lugha yenyewe yaonyesha ugumu huu. Jina degedege, ambalo kwa watu wengi wa pwani na bara lahusishwa na ndege, limetajwa kwa muda mrefu kama ugonjwa unaojitegemea, wala si dalili ya ugonjwa mwingine. Uchunguzi uliofanywa katika wilaya ya Bagamoyo na kutangazwa mwaka 1996 ulieleza jinsi wazazi walivyoitofautisha degedege na malaria ya kawaida, na kwa hiyo kuipeleka kwanza kwa waganga wa jadi. Na jina homa ya uti wa mgongo nalo lina upungufu wake: latupa macho mgongoni, mahali ambapo mganga huchoma sindano ili atoe maji ya kupima, ilhali madhara makubwa ya ugonjwa yamo kichwani. Ni jina linalofaa kwa sindano kuliko kwa maradhi. Hata neno uvimbe halina budi kutumiwa kwa hadhari, kwani wasemaji wengi hulielewa kuwa ni kitu kilichoota mwilini. Ndiyo sababu katika maelezo yanayofuata yatasemwa maneno kuvimba kwa ubongo, kwa maana ya ubongo wote kujaa na kutanuka.

Katika nchi zenye malaria nyingi, njia nyepesi ya kulifumbua fumbo ni kutazama tone la damu kwa darubini. Vidudu vikionekana, mtoto huandikiwa malaria ya ubongo. Lakini njia hii ina mtego ndani yake. Katika sehemu hizo watoto wengi hutembea na vidudu vya malaria katika damu bila ya kuugua, hivyo mtoto anayekufa kwa sababu nyingine huweza kuonekana na vidudu vile vile. Shirika la Afya Duniani limeweka masharti matatu: mtoto awe amezama katika usingizi usioamshika, vidudu vionekane katika damu yake, na sababu nyingine ya kupoteza fahamu isipatikane. Kina cha usingizi huo hupimwa kwa kipimo kilichotungwa Blantyre, Malawi, na kutangazwa mwaka 1989 na Malcolm Molyneux na wenzake. Kipimo hicho hutazama mambo matatu tu, yaani macho yanavyofuata, sauti ya kilio, na mkono unavyojikinga na maumivu. Alama zake ni kutoka 0 hadi 5, na mwenye alama 2 au chini yake huhesabiwa kuwa hana fahamu. Ni chombo kisichohitaji umeme wala fedha, na kwa sababu hiyo kimeenea mbali. Upungufu umo katika lile sharti la tatu. Kusema kwamba sababu nyingine haikupatikana si sawa na kusema kwamba haikuwapo.

Ukubwa wa upungufu huo ulijulikana mwaka 2004. Katika Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth, mjini Blantyre, Terrie Taylor na wenzake walikuwa wamewaomba wazazi waliofiwa ruhusa ya kuichunguza miili ya watoto wao. Ombi hilo lilikuwa zito, na hapana budi kuwashukuru wazazi waliokubali, kwani bila ya wao elimu hii isingalikuwapo. Katika watoto 31 walioandikiwa malaria ya ubongo walipokuwa hai, 24 walionekana na chembe za damu zenye vidudu zimejaa katika mishipa midogo ya ubongo, kama ilivyotarajiwa. Lakini 7 hawakuwa nazo. Hao walikufa kwa sababu nyingine kabisa. Yaani karibu mtoto mmoja katika kila wanne alikuwa amepewa jina la ugonjwa usiomwua.

Uchunguzi huo huo ulithibitisha thamani ya alama moja inayoonekana mtoto akiwa hai, nayo imo ndani ya jicho. Tangu mwaka 1993 madaktari wa macho walikuwa wameeleza mabadiliko ya pekee katika retina za watoto wa Malawi wenye malaria ya ubongo: madoa meupe, mishipa iliyobadilika rangi, na matone ya damu yenye kitovu cheupe. Retina na ubongo huota kutoka shina moja, na mishipa yake ni ya jamii moja. Kinachoziba huku huziba na kule. Mtoto mwenye alama hizo karibu hakika ana malaria iliyofika ubongoni, na asiyekuwa nazo hana budi kutafutiwa sababu nyingine.

Basi jina la ugonjwa likawa limepata uhakika zaidi. Lililobaki ni swali la pili, ambalo ndilo zito: kwa nini baadhi ya watoto hawa hufa na wengine, waliolazwa kitanda cha pili kwa alama zile zile na dawa ile ile, huamka siku ya pili na kuomba maji? Ilidhaniwa kwamba dawa yenye nguvu zaidi ingelimaliza tatizo. Dawa hiyo ikapatikana. Jaribio lililohusu watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, zikiwamo Tanzania na Kenya, lilionyesha mwaka 2010 kwamba sindano ya artesuneti huokoa maisha kuliko kwinini: katika waliopewa kwinini walikufa asilimia 10.9, na katika waliopewa artesuneti asilimia 8.5. Ni maendeleo makubwa, na mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likaamuru artesuneti itangulie. Lakini hesabu hiyo hiyo yasema kwamba vidudu huweza kuuawa upesi na mtoto bado akafa. Kuna jambo ndani ya fuvu ambalo dawa ya vidudu hailifikii.

Wako waliosema tangu zamani kwamba jambo hilo ni kuvimba kwa ubongo. Wachunguzi wa Kilifi, katika pwani ya Kenya, walipima mgandamizo ndani ya vichwa vya watoto wagonjwa na kuuona umepanda. Na mwaka 1994 walieleza picha za CT za watoto 14, ambao 6 kati yao walikuwa na ubongo uliovimba. Wengine walipinga. Walisema kwamba katika wagonjwa wazima wa Asia ya Kusini-Mashariki kuvimba hakukuonekana kuwa ndiko kunakoua, na kwamba ubongo uliovimba katika maiti huenda umevimba saa ya kufa, kwa hiyo ni matokeo ya mauti wala si chanzo chake. Hoja hii haikuwa dhaifu. Kupasua maiti huonyesha mwisho wa safari tu. Hakuonyeshi njia iliyopitwa. Ili kuamua, ilipasa kuutazama ubongo wa mtoto aliye hai, siku ya kwanza, na tena siku ya pili na ya tatu, wa atakayekufa na wa atakayepona pia. Picha ya eksirei ya kawaida haifai, kwa sababu huonyesha mfupa wa fuvu na kuuacha ubongo kama kivuli. Mashine ya CT huuonyesha ubongo, lakini hutumia miale ile ile ya eksirei, na si vema kummiminia mtoto mdogo miale hiyo siku baada ya siku.

Mwaka 2008 ikafika Blantyre mashine ya MRI, zawadi ya kampuni ya General Electric, ya kwanza katika nchi ya Malawi. Kabla ya kueleza ilichoonyesha, yafaa kueleza inavyofanya kazi, maana wengi hudhani kwamba ni eksirei ya namna mpya, na sivyo hata kidogo.

Mwili wa mwanadamu kwa sehemu kubwa ni maji, na katika maji mna atomu za haidrojeni. Kiini cha kila atomu ya haidrojeni kina tabia ya sumaku ndogo mno. Kwa kawaida visumaku hivi huelekea kila upande, kama watu sokoni. Mtu akilazwa ndani ya sumaku kubwa, idadi ndogo tu ya visumaku huzidi upande mmoja, lakini kwa kuwa vyote ni vingi kupita kuhesabika, hiyo idadi ndogo yatosha. Kisha mashine hutoa wimbi la redio lenye mpigo unaopatana hasa na visumaku hivyo. Huyumba, na wimbi likatwapo hurudi polepole mahali pake, huku vikitoa wimbi hafifu la redio linalonaswa na antena iliyozungushwa kichwani. Mwaka 1973 Paul Lauterbur alionyesha kwamba nguvu ya sumaku ikitofautishwa kidogo kutoka upande hadi upande, yaweza kujulikana kila wimbi limetoka mahali gani, na hapo ndipo picha ilipozaliwa. Yeye na Peter Mansfield wa Nottingham walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo mwaka 2003.

Nguvu ya sumaku hupimwa kwa tesla. Mashine za hospitali kubwa huwa na tesla 1.5 au 3, na sumaku zake ni nyaya zinazopozwa kwa heliamu ya maji, kwenye baridi ya nyuzi 269 chini ya sifuri. Heliamu ikipungua na fundi akiwa mbali, mashine husimama. Ile ya Blantyre ilikuwa ya tesla 0.35, yenye sumaku ya kudumu isiyohitaji heliamu. Picha zake hazina ukali wa picha za mashine kubwa, lakini zilitosha kwa kazi iliyokusudiwa, na huenda mashine yenye fahari zaidi ingalikaa bure miezi mingi ikingoja vipuri. Katika nguvu hiyo ya tesla 0.35 mpigo wa redio unaotumika ni karibu megahezi 15, yaani wimbi la urefu wa mita 20 hivi. Waliozoea kutafuta matangazo ya mbali ya Kiswahili katika redio za masafa mafupi watatambua kwamba ni jamii ile ile ya mawimbi, na kwamba hayamdhuru mtoto kwa namna ya miale ya eksirei.

Kinachoifanya njia hii ifae kwa ubongo ni kwamba visumaku havirudi mahali pake kwa mwendo mmoja. Katika mafuta hurudi upesi, katika maji ya bure hukawia. Ubongo mzima una kiasi chake cha maji; unapougua na kulowana, mahali hapo hung'aa katika aina moja ya picha. Aina nyingine ya picha hupima jinsi maji yanavyotembea kati ya chembe. Usaha, kwa mfano, ni mzito, na maji hayatembei ndani yake kwa urahisi. Hivyo jipu la ubongo huweza kutofautishwa na kitu kingine chenye umbo kama lake bila ya kupasua fuvu.

Mambo haya yana masharti yake. Mashine hupiga kelele kubwa, na mgonjwa hana budi kutulia kwa dakika nyingi bila ya kutikisa kichwa. Mtoto mwenye fahamu mara nyingi hulazimika kupewa dawa ya usingizi. Aliyezama katika malaria hutulia mwenyewe, ila degedege ikiamka ndani ya mashine kazi yote huharibika, na mtoto hutolewa atibiwe. Tena kitu cha chuma hakiruhusiwi chumbani. Mtungi wa oksijeni wa chuma huweza kurukia sumaku kwa nguvu ya kuua. Kwa watoto wanaohitaji oksijeni kila dakika, sharti hilo si dogo.

Picha za kwanza zilitangazwa mwaka 2012, zikihusu watoto 120 wenye malaria iliyothibitishwa kwa alama za jicho. Zilisomwa na wataalamu, miongoni mwao Michael Potchen wa Marekani na Sam Kampondeni wa Malawi. Ilionekana kwamba ubongo wa watoto wengi ulikuwa umeongezeka ukubwa, na kwamba madhara yalikuwamo katika gamba la nje, katika sehemu za ndani kabisa, na katika nyuzi nyeupe zinazounganisha pande mbili. Lakini jibu la swali lile la mauti lilikuja mwaka 2015. Katika watoto 168 waliopigwa picha walipolazwa, 25 walikufa. Kati ya hao 25, watoto 21 walikuwa na ubongo uliovimba vibaya tangu picha ya kwanza. Kati ya 143 waliopona, waliovimba vibaya walikuwa 39.

Hesabu hizi zastahili kusomwa pole pole, tena kwa kuzigeuza. Waliovimba vibaya walikuwa jumla 60, na 21 kati yao walikufa, yaani zaidi ya mmoja katika kila watatu. Waliosalia walikuwa 108, na katika hao walikufa 4 tu. Hapa wale waliosema kwamba kuvimba huja saa ya kufa hawakupata tena pa kusimama, kwa sababu picha zilipigwa watoto walipolazwa, na kwa sababu watoto 39 walivimba vibaya nao wakapona. Picha za siku zilizofuata zikaongeza jambo lenye kutia moyo: katika waliopona, ubongo uliovimba ulianza kupungua. Kwa hiyo kuvimba ni wimbi linalopanda na kushuka. Wanaokufa ni wale ambao wimbi liliwazidi kabla ya kushuka.

Namna ya kufa kwao sasa yaelezeka. Fuvu ni chombo kigumu kisichotanuka. Ubongo ukivimba, kwanza hufuta mifereji iliyo kati ya mikunjo yake, kisha hukamua vyumba vya maji vilivyo ndani yake, na mahali pote pakijaa husukumwa chini, kuelekea tundu ambalo uti wa mgongo hupitia. Hapo lipo shina la ubongo, penye uongozi wa pumzi. Likibanwa, pumzi hukoma, mara nyingi moyo ukiwa bado unapiga. Wauguzi wa wodi hizo walikuwa wakiliona jambo hili kwa miaka mingi: mtoto aache kuvuta pumzi ghafla, na mapigo ya moyo yaendelee kwa muda. Waliyoyaona yalikuwa sahihi. Yalikosa tu maelezo.

Kuhusu chanzo cha kuvimba kwenyewe, kazi bado yaendelea. Chembe za damu zenye vidudu hunata katika kuta za mishipa midogo na kuzuia damu isitoke vizuri kichwani. Tena protini ambazo kidudu huziweka juu ya chembe hizo hushika mahali ambapo, katika afya, hulinda ukuta wa mshipa usivuje. Mwaka 2017 ilionyeshwa kwamba watoto wa Malawi waliovimba zaidi ndio waliokuwa na vidudu vya namna hiyo kwa wingi.

Mtu angedhani kwamba baada ya kujua haya tiba ingekuwa rahisi: mpe mtoto dawa ya kuondoa kuvimba. Lakini dawa mbili zilizoaminiwa zilikuwa zimekwisha kujaribiwa. Deksamethazoni ilijaribiwa Thailand kwa wagonjwa 100, na mwaka 1982 ikatangazwa kwamba haikuokoa, bali ilirefusha usingizi wa ugonjwa. Manitoli, ambayo huvuta maji kutoka katika ubongo, ilijaribiwa Mulago, Kampala, kwa watoto 156, na matokeo ya mwaka 2007 hayakuonyesha faida. Lakini yapasa kukumbuka kwamba majaribio hayo hayakuchagua waliovimba kwa kutazama picha za ubongo. Waliovimba na wasiovimba walichanganywa pamoja. Thamani ya picha kwa tiba imo hapo: yaweza kuwatenga wale wanaohitaji msaada wa namna hiyo na wasiouhitaji. Kwa mwongozo huo likaanzishwa Blantyre jaribio jipya kwa watoto waliovimba vibaya, wengine wakipewa maji ya chumvi kali ya mshipani, na wengine wakipumuliwa kwa mashine. Fikira iliyo nyuma ya mashine ya kupumulia ni nyepesi. Ikiwa kuvimba hushuka kwenyewe baada ya siku chache, na kinachoua ni kukoma kwa pumzi, basi mtoto apumuliwe mpaka wimbi lishuke. Utekelezaji si mwepesi hivyo. Mashine ya kupumulia yataka umeme usiokatika, oksijeni, na muuguzi aliyefunzwa kando ya kitanda usiku na mchana.

Uchunguzi wa Rourkela, India, umeonyesha kwamba yaliyopatikana kwa watoto hayapaswi kuchukuliwa na kupachikwa kwa watu wazima. Huko wagonjwa wa malaria ya ubongo wa umri mbali mbali walipigwa picha, na katika wazima waliokufa hakukuonekana kuvimba kwa namna ile ya watoto wa Blantyre, bali madhara ya ukosefu wa oksijeni katika sehemu za ndani za ubongo. Kidudu ni kimoja na jina la ugonjwa ni moja, lakini njia ya kufa yabadilika kwa umri. Mabishano ya zamani kati ya waliochunguza watoto wa Afrika na waliochunguza wazima wa Asia yapata hapa sehemu ya ufumbuzi wake: kila upande ulisema kweli juu ya wagonjwa wake.

Maradhi mengine ya ubongo yana sura zake katika picha. Kifua kikuu hupenda tando za chini ya ubongo. Dawa ya gadolini ikitiwa mshipani, tando hizo hung'aa, vyumba vya maji huonekana vimetanuka kwa sababu njia ya maji imezibwa, na pembeni huweza kuonekana sehemu za ubongo zilizokufa kwa kuziba mishipa. Mambo matatu hayo yakikutana kwa mtoto mmoja, mganga hangoji majibu ya maabara, ambayo kwa ugonjwa huu huchukua majuma. Virusi vya hapesi mara nyingi hushambulia pande za ubongo zilizo karibu na masikio, isipokuwa kwa mtoto mchanga, ambaye kwake madhara hutawanyika po pote. Homa ya ubongo ya Kijapani, ambayo ni ya Asia, huonyesha madoa katika kiini cha ubongo, kulia na kushoto. Mayai ya tegu wa nguruwe, ambayo huleta kifafa katika sehemu za ufugaji wa nguruwe, huzaa vifuko vidogo vyenye nukta ndani yake, nukta hiyo ikiwa ni kichwa cha mnyoo. Katika Tanzania ya kaskazini, Haydom, ugonjwa huo umechunguzwa kwa mashine ya CT, nayo ina haki yake katika jambo hili, kwa kuwa vifuko vikiisha kufa hugeuka chokaa, na chokaa huonekana kwa CT vizuri kuliko kwa MRI.

Penye udhaifu mkubwa wa MRI ni katika ile homa ya uti wa mgongo iletwayo na bakteria. Siku ya kwanza picha yaweza kuwa safi kabisa, ilhali maji ya uti wa mgongo yamejaa usaha. Picha huonyesha mahali palipodhurika, haionyeshi kidudu. Kwa hiyo sindano ya mgongoni haijapata mbadala, na mtoto hapaswi kunyimwa dawa ya bakteria kwa kungoja zamu ya mashine. Picha huja kuwa na faida baadaye, homa inapokataa kushuka au fahamu inapokataa kurudi: ndipo hutafutwa jipu, usaha uliokusanyika chini ya utando, au maji yaliyozibwa njia.

Mwaka 2020 Marekani iliruhusu mashine ndogo ya tesla 0.064, yenye magurudumu, inayochomekwa katika umeme wa ukutani na kusukumwa hadi kando ya kitanda. Picha zake ni hafifu, na madoa madogo huweza kupotea ndani yake. Lakini ubongo uliovimba mpaka mifereji yake ikafutika si kitu kidogo, na kwa swali hilo moja mashine hafifu huenda ikatosha. Wasomaji wa picha ndio wasiosukumwa kwa magurudumu. Madaktari waliofunzwa kusoma picha za ubongo wa mtoto ni wachache mno katika Afrika ya Mashariki na ya Kati, na picha isiyosomwa usiku ule ule haimsaidii aliyepigwa.

Hata waliopona hawakuvuka wote salama. Blantyre walifuatwa watoto 132 waliotoka hospitali baada ya malaria ya ubongo, wakalinganishwa na watoto 264 waliougua maradhi mengine. Ilipotangazwa hesabu mwaka 2010, watoto 12 wa kundi la kwanza walikuwa wamepata kifafa, na wa kundi la pili hakuna hata mmoja. Wengine walibaki na udhaifu wa viungo, wa maneno au wa mwenendo, ambao wazazi waliuona kwanza nyumbani, mtoto aliyejua kuhesabu alipoanza kusahau, au aliyekuwa mpole alipokuwa hakaliki. Wengi wao walikuwa wameandikiwa wamepona, na kadi ya hospitali ikafungwa, kabla ya kifafa cha kwanza kutokea.